Faili Limegoma: Ondoa Mkono Kwenye Kipanya

Ondoa mkono kwenye kipanya. Hiyo ni hatua ya kwanza, na kwa watu wengi ndiyo ngumu kuliko zote. Ni tarehe 18, ritani ya VAT mwisho tarehe 20, umebofya faili la kampuni kwenye QuickBooks kama ulivyobofya jana na juzi, na badala ya hesabu umeletewa kisanduku chenye namba: H202, au -6000 yenye mkia wa -83. Unabofya tena. Unabofya mara saba, kila mara kwa nguvu zaidi, kama konda anayegonga ubavu wa daladala. Dereva wa daladala husikia. Faili halisikii.

Piga picha namba hiyo kwa simu yako. Fundi utakayempigia ataiuliza kabla salamu hazijaisha, na ukimjibu "imeandika eti kuna tatizo" mtapoteza nusu saa nzima. Namba zinazoanza na H, yaani H101, H202, H303 na H505, zina ujumbe mmoja: kompyuta yako imeshindwa kuifikia kompyuta inayotunza faili. Hazisemi kwamba faili limekufa. Nimekuta watu wanalilia faili zima kabisa, limekaa chumba cha pili ndani ya seva ambayo mtu aliichomoa asubuhi ili achemshe maji ya chai.

Hatua ya pili ni ya adabu: usimkamate karani. Katika ofisi zetu aliyeonekana wa mwisho mbele ya skrini ndiye mshitakiwa, hakimu ni bosi, na hukumu hutolewa mlangoni. Nilianza kazi hii nikiwa karani, najua vidole hufanya nini mtu akisimama nyuma ya kiti chako na kuuliza, "Umefanya nini?" Karani aliyetishwa hujibu "sijagusa kitu", na hapo umeshampoteza shahidi pekee aliyeona kilichotokea. Mpe maji. Muulize taratibu: ilianza saa ngapi, umeme ulikatika, kuna mtu alikuja "kuangalia kompyuta"?

Sasa nakala. Kabla ya fundi, kabla ya mpwa wa bosi anayejua kompyuta kwa sababu anacheza gemu, kabla ya mtu yeyote kujaribu chochote. Wote watoke kwenye programu, kisha fungua folda lilimo faili. Utaona ndugu watatu wenye jina moja na mikia tofauti. QBW ndilo daftari lenyewe: ankara, malipo, mishahara, madeni. ND ni kijikaratasi cha maelekezo, kinaieleza programu faili linakaa kwenye kompyuta gani na litafikiwaje. TLG ni shajara ya miamala iliyoingizwa tangu bakapu kamili ya mwisho. Nakili wote watatu, uwaweke kwenye diski ya nje, ndani ya folda ulilolipa jina USIGUSE pamoja na tarehe ya leo. Chomoa diski hiyo. Itie mfukoni.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya duka moja la pembejeo kule Morogoro. Faili liligoma, na kijana mmoja mwenye nia njema akatafuta bakapu, ile yenye mkia wa QBB, akairejesha juu ya faili lililokuwepo. Programu ilimuuliza kama ana hakika. Akakubali. Faili likafunguka vizuri sana, watu wakapiga makofi, na ni jioni tu mwenye duka alipogundua kwamba hesabu zake zinaishia wiki tatu nyuma. Shajara ya TLG, ambayo wataalamu wangeweza kuitumia pamoja na bakapu kurudisha wiki zile, ilikuwa imeshafutwa "kupunguza uchafu". Tulikaa siku nne tukiingiza upya kutoka vitabu vya risiti. Ripoti za Z za mashine ya EFD zilitupa jumla ya mauzo ya kila siku, na nilishukuru. Lakini EFD haijui nani alichukua mifuko kumi ya mbolea akaahidi kulipa baada ya mavuno na kupunguza deni kidogo kidogo. Mama mwenye duka alikaa pembeni yangu akijaribu kukumbuka majina. Alikumbuka mengi. Mengine hakuyakumbuka, na hizo zilikuwa fedha za ada ya watoto wake.

Ukishakuwa na nakala mfukoni, tafuta ugonjwa uko wapi: kwenye programu, kwenye faili, au njiani. Watu huruka hapa wakakimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya, jambo linalokula siku nzima na mara nyingi halitibu chochote. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukiifungua QuickBooks, itafunguka bila kuita kampuni yoyote. Kisha fungua kampuni ya mfano iliyokuja na programu. Ikifunguka, programu ni nzima, iache. Ikikataa, shughulikia programu na usiliguse faili. Intuit, watengenezaji wa QuickBooks, wanatoa bure zana iitwayo QuickBooks Tool Hub, imekusanya dawa nyingi za kuanzia mahali pamoja.

Sasa chukua nakala nyingine ya QBW, iweke kwenye eneokazi la kompyuta yenye programu, uifungue ukiwa mtumiaji mmoja. Ikifunguka hapo, sujudu, maana daftari lako halina ubaya. Kilichooza ni folda, ruhusa, mtandao, au kile kijikaratasi. Rudi kwenye folda la asili, badilisha jina la ND kwa kuongeza neno OLD mwishoni, fanya hivyo hivyo kwa TLG, kisha jaribu tena. Badilisha jina tu, usifute. Programu itatengeneza vipya.

Nakala ikikataa hata kwenye eneokazi, ndipo tunazungumzia ugonjwa wa faili lenyewe. Angalia folda liitwalo QuickBooksAutoDataRecovery pale pale faili linapokaa. Huwa programu imeweka humo akiba yake bila kumwambia mtu. Faili likikubali kufunguka lakini lichechemee, kuna Verify Data ya kupima na Rebuild Data ya kutibu. Rebuild ni upasuaji. Usiianze saa kumi na moja jioni wakati umeme wa mtaa unapepesa, na usiianze bila UPS. Skrini itaganda, itaonekana imekata roho, na mkono wako utatamani kuzima. Wanaozima katikati ndio nilioshindwa kuwasaidia.

Kuna mambo mengine ya kupita haraka. Mkaguzi akilifungua faili lako halisi kwa toleo jipya kuliko la ofisini, analigeuza kuwa la toleo lake, na lenu la zamani halitalifungua tena. Mpeni nakala, asiguse la asili. Usifanyie kazi faili likiwa ndani ya flashi. Na ukiona mafaili yote ya kompyuta, picha kwa barua, yamebadilika mikia na kuna ujumbe unaodai fedha, usifanye lolote nililolieleza hapo juu: chomoa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, mpigie mtaalamu.

Nirudi kwenye zile namba za H, kwa sababu ndizo zinazoniita zaidi. Duka la vifaa vya ujenzi, Kariakoo, ghorofa ya pili juu ya mzigo wa mabati. Nilipopanda ngazi mzee mwenye duka alinipokea nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu binti amefuta hesabu zangu."

Binti alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Kwenye meza yake kulikuwa na bunda la ankara limebanwa kwa kipande cha nondo, na kalamu iliyotafunwa mpaka plastiki imepasuka. Nikamuuliza ilianza lini. Akasema kwa sauti ya chini, tangu kaka fulani aje jana kuziongezea kompyuta kasi.

Nikafungua menyu ya huduma kwenye kompyuta ya binti. Ilikuwa imewekewa idhini ya kutunza faili kwa niaba ya wengine. Nikaenda kwenye kompyuta ya mtunza stoo, nayo vile vile. Seva nayo, kama inavyopaswa. Kompyuta tatu, kila moja imeambiwa yeye ndiye mwenyeji, na kijikaratasi cha ND hakijui kimtii nani. Wahenga walishasema nahodha wengi, jahazi huenda mrama, na walisema kabla ya QuickBooks ya kwanza mwaka 1992. Mwenyeji ni mmoja tu, ile kompyuta ambamo faili linakaa. Nikaondoa idhini kwenye zile mbili, nikaibadilisha ND jina, nikaenda kwenye seva na kuiamuru Database Server Manager ilisome upya folda la hesabu. Nikahakikisha fayawoli haijaifungia njia. Dakika ishirini na tano, nyingi kati ya hizo za kusubiri.

Nikamwomba binti afungue mwenyewe. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Akaandika nywila, akakosea, akaandika tena. Orodha ya wadaiwa ikajaa skrini, majina yote, hadi lile la mkandarasi ambaye mzee alikuwa anamfuatilia tangu Ramadhani.

Kabla sijaondoka niliwawekea bakapu ya kila jioni kwenda diski mbili, moja inalala dukani na nyingine anakwenda nayo mzee nyumbani, na kila Ijumaa moja ijaribiwe kufunguliwa, maana bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Diski mbili si gharama kubwa kwa kazi hiyo. Nikabandika karatasi juu ya seva: Usichomoe.

Mzee alisimama nyuma ya binti muda mrefu akitazama skrini. Kisha akavuta kiti cha pili, akakaa kando yake, akatoa ankara ya juu kwenye bunda na kuanza kumsomea.

"Namba elfu mbili mia mbili kumi na saba," alisema. "Taratibu, mama. Tunayo siku ya kesho."