Mjomba wa Boneti Akujibu

*Shikamoo Mjomba. Corolla 110 yangu inamisi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi injini hutetemeka na kukohoa mpaka jua likolee. Fundi wa kwanza aliniuzia plagi, wa pili koili, wa tatu pampu ya petroli. Huyu wa nne ameanza kuitamani injini yenyewe. Mke wangu anasema nichague: yeye au gari. – Nimekwama, Makongeni*

Marahaba, mpwa wangu. Habari za mke mpelekee Shangazi wa Taifa Leo. Kazi yangu mimi huishia kwenye boneti.

Umelipa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuambia ni silinda ipi imelala. Unazo nne, nazo huwaka kwa zamu: 1, 3, 4, 2. Washa injini, iache ingurume. Kwa koleo lenye mpini wa mpira, chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba iliyolazwa juu ya chuma cha injini, ili koili isiumie. Sikiliza. Mlio ukianguka, silinda hiyo ilikuwa kazini. Mrudishie waya wake. Ukichomoa na injini isijali kabisa, umempata mvivu wako. Usitumie mkono mtupu. Umeme wa hapo ni wa maelfu ya volti, na mimi sijibu barua za marehemu.

Lakini wewe umeshajitibu nusu bila kujua. Umesema mvua, umesema jua. Basi ni unyevu. Leo usiku zima taa za uani, washa injini, nyunyizia waya za plagi maji kidogo kwa ile chupa ya saluni. Ukiona cheche za buluu zikitambaa juu ya waya, hizo waya zimekwisha. Zisipotambaa, zima injini, fungua kofia ya distribyuta uitazame ndani kwa tochi. Unatafuta mstari mweusi mwembamba unaotoka kwenye chuma kimoja kwenda cha pili: huo ni ufa, na umeme hupitia humo badala ya kwenda kwenye plagi. Kofia mpya, ya kweli, basi. Koili ya yule fundi wa pili iweke kabatini.

*Mjomba, naendesha Probox, nabeba mboga kutoka Ruiru hadi Githurai. Tangu juzi taa ya injini inapepesa nikikanyaga mafuta na mzigo umejaa. Fundi jirani amejitolea kuing'oa balbu bila malipo. Nikubali? – Mboga Freshi*

Kataa, hata akikuongezea chai.

Taa ikiwaka na kutulia, tafuta nafasi wiki hii. Ikipepesa, ondoa mguu sasa hivi. Petroli isiyoungua inamwagika kwenye ekzosi na kwenda kuwakia ndani ya katalitiki, ambayo hupata moto mpaka kuyeyuka. Hiyo ni kama bado unayo. Bei ya chakavu imefanya magari mengi yabaki na bomba tupu.

Probox yako haina distribyuta. Kila plagi ina koili yake. Kasome kodi kwa mashine. Ikisema P0303, mgonjwa ni silinda ya tatu. Hamisha koili ya tatu iende ya kwanza, futa kodi, endesha. Ikirudi P0301, ugonjwa umehama na koili, nunua hiyo moja. Ikibaki P0303, geukia plagi, kisha injekta. Hujatumia hata shilingi, isipokuwa ya mashine.

*Mjomba, langu linamisi kuanzia tarehe 20 mpaka mshahara uingie. – Karani, Eneo la Viwanda*

Unanunua petroli ya jerikeni, usinifiche. Mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huungua vibaya na kuzipaka plagi masizi. Mwaka 2018 serikali iliyatoza ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuukomesha mchezo huo, lakini muuza jerikeni hana cha kukuonyesha zaidi ya uso wake. Mwaga tangi, badilisha chujio, safisha plagi.

*Shikamoo Mjomba. Marehemu baba alituachia Land Rover ya petroli, iliyoundwa hapa hapa Thika enzi za Leyland. Silinda ya 2 na ya 3 zimekufa pamoja. Kaka yangu anataka tuipeleke kwa wanunuzi wa chuma. – Kifungua Mimba, Ruiru*

Marahaba. Silinda mbili jirani kufa siku moja ni habari njema kuliko anavyodhani kaka yako. Pima komprisheni. Zote mbili zikisoma chini huku ya 1 na ya 4 zikiwa sawa, gasketi ya kichwa imepasuka katikati yao, na moto unavuka kutoka moja kwenda nyingine. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, iwashe, utazame kama maji yanatoa mapovu.

Kichwa kikishatolewa, kiwekewe rula ya chuma kwanza. Kikiwa kimepinda, gasketi mpya haitakaa mwezi. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia. Kaka yako asiguse spana hiyo. Mpeni ashike tochi.