Sote Tu Watu wa Buluu

Nililipa shilingi 20 kutazama vita. Naanza na hilo ili lalamiko langu lieleweke. Sikulipa kufundishwa. Shule nilimaliza kitambo, na mwalimu wa historia alinichapa viboko vya kunitosha mpaka uzeeni. Jumamosi ile mgongo ulikuwa ukiniuma kwa kazi ya shamba, na haja yangu ilikuwa ndogo tu: niketi kwenye benchi la kibanda cha video hapa Migori, nione ndege zikilipuka, kisha niende nyumbani nikale ugali na omena bila kusumbuliwa na mtu.

Kosa langu ni kwamba nilienda na mpwa wangu.

Huyu ni mtoto wa dada yangu, na kwetu Ujaluoni mtoto wa dada ana kibali cha kumtania mjomba wake atakavyo. Alimaliza chuo kikuu mwaka juzi. Digrii yake haijapata kazi kokote, basi imeamua kufanya kazi kichwani mwangu. Hata hatujakaa vizuri, akanipiga kiwiko: "Nera," yaani mjomba, "hii muvi ni siasa tupu."

Filamu yenyewe ilikuwa Avatar ya James Cameron, ile ya 2009. Dunia nzima imeiona, lakini sisi tuliiona kwa Kiswahili, na hilo ni jambo jingine. Tangu DJ Afro ajipatie jina nchini kwa kusimulia filamu za ng'ambo kwa lugha ya mtaani, madijei wa kuiga wamezuka kama kumbikumbi baada ya mvua. Dijei wetu hatafsiri, anakarabati. Shujaa anaitwa staring, na sheria ya kwanza ya kibanda ni kwamba staring hafi. Mkubwa wa kampuni iliyovamia nchi ya watu wa buluu akageuzwa kuwa mtu wa tenda. Kanali akawa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Na yale madini wanayoyatafuta, ambayo kwenye filamu kilo moja ni dola milioni 20, dijei aliona jina lake linamkwama ulimini, akayaita dhahabu. Kwisha.

Kibanda kikanyamaza. Taja dhahabu Migori uone. Hata mtoto mchanga huacha kunyonya.

Wewe uliye mbali, nikueleze. Kule Nyatike kuna mgodi wa Macalder, ulioanzishwa enzi za mkoloni na kufungwa mwaka 1966. Wenye kampuni walipoondoka, dhahabu iliyobaki haikuondoka nao, na tangu hapo wenyeji wanaifuata chini kwa sururu, kamba na tochi za kichwani. Siku moja nilikuwa huko kwa shughuli zangu, nikamkuta mama mmoja na karai lake. Unga wa mawe ulikuwa umetoka kwenye krasha, yaani ile mashine ya kusaga. Akamimina zebaki kutoka kwenye kifuniko cha chupa ya soda, akaukanda ule unga kwa vidole vitupu kama anayekanda chapati. Akakamua kwa kitambaa. Kilichobaki kilikuwa kijidonge cheupe, kidogo kuliko jino la mtoto. Akakiweka kwenye kijiko, akakichoma juu ya jiko lile lile la kupikia uji, moshi ukampitia usoni, na kijidonge kikageuka manjano. Mnunuzi alikuwa tayari na mizani yake ya betri. Mizani hiyo nadhani ina malaria, maana hutetemeka, na kila ikitetemeka hushuka.

Turudi kibandani. Ulipofika wakati wa kuangusha ule mti mkubwa wa watu wa buluu, hakuna aliyepumua. Mti ukalala. Benchi la mbele mtu akasimama akapaza sauti: "Wezi wakubwa nyinyi! Mtalipa!" Alikuwa akifuta machozi kwa shati. Taa ya simu ilipompiga usoni nikamtambua. Ni yule mnunuzi mwenye mizani ya malaria.

Kushoto kwake alikaa bwana anayejulikana kwa kuuza shamba moja mara tatu. Naye alikuwa akishangilia mishale. Nyuma yetu kulikuwa na kijana mpambe wa mwanasiasa, anayelipwa kuvuruga mikutano ya wapinzani. Huyo alikuwa anawahimiza watu wa buluu waungane. Kibanda kizima kilikuwa upande wa wanyonge. Nikajiuliza, hawa watu wa tenda huishi mji gani, mbona hata mmoja hakuja?

Mpwa wangu hakuona hayo. Alikuwa Iraq. "Nera, hapa Marekani inajisema yenyewe. Na unajua nani alitoa pesa? Kampuni ya Fox, iliyokuwa ya Rupert Murdoch, yule ambaye televisheni yake iliipigia debe vita ya Iraq."

"Kwa hivyo mzee alilipa ili atukanwe?"

"Alilipwa, nera. Filamu ilileta zaidi ya dola bilioni mbili."

Nikanyamaza, nikipiga hesabu ya pesa ambazo ningedai mimi kwa kutukanwa. Huwa natukanwa bure.

Tangu siku hiyo sijatazama filamu kwa raha. Godzilla, joka nililolipenda tangu utotoni, naambiwa ni bomu la nyuklia: lilitoka Japani mwaka 1954, miezi michache baada ya mashua ya wavuvi wa Kijapani kunyeshewa majivu ya bomu la Marekani. Star Wars ya 1977 naambiwa ni Vietnam, na George Lucas mwenyewe amekiri kwamba ile himaya mbovu ni Marekani. Ile nyingine ya Star Wars, ya 1999, inaanza na ugomvi wa ushuru wa njia za biashara, na watazamaji wa ng'ambo walilalamika kwamba inachosha. Ingeletwa kwa wavuvi wetu wa Muhuru Bay. Mvuvi aliyewahi kukamatwa karibu na Migingo, kisiwa kisichofika hata ekari moja, angeitazama amesimama. Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Lucas na roketi zake zote hakuwahi kuandika kitu kama hicho.

Wapo wanaojitambua, nikiri. Mwaka 2009 serikali ya Nigeria ilikasirishwa na District 9, filamu ya Afrika Kusini kuhusu wageni wa anga waliofungiwa kwenye mabanda Johannesburg, kwa sababu mle jambazi ni Mnigeria mwenye jina linalofanana mno na la rais wao mstaafu. Waziri wa habari, Dora Akunyili, akataka majumba ya sinema yaache kuionyesha. Mwaka 2023 waziri wa ulinzi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, akaikemea filamu ya pili ya Black Panther kwa kuwaonyesha askari wa Kifaransa wakiiba mali ya Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Kiafrika, huko Mali. Wengi tuliwacheka. Mimi siku hizi nawaheshimu. Walitazama kioo, wakaona uso wao, wakapiga kelele. Sisi huona uso wa jirani.

Black Panther ya kwanza ilipofika Kisumu Februari 2018, Lupita Nyong'o akiwa ndani yake na baba yake akiwa gavana wa pale, tulitoka ukumbini tumefura vifua. Wakanda ni sisi! Mpwa wangu ndiye aliyenitoboa kifua: filamu ile inaisema Wakanda pia, nchi tajiri iliyofunga mlango huku majirani wakiteseka. Na sisi tuliojisifia mawe ya thamani ya watu wa kwenye filamu, mawe yetu wenyewe je? Juni mwaka huohuo UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga katika urithi wa dunia, kuta za mawe zilizojengwa na mababu bila hata kijiko cha udongo wa kushikiza, hapa hapa kaunti ya Migori. Nauli ya Kisumu nilikuwa nayo. Ya Thimlich bado naitafuta.

Wiki iliyopita tulienda matanga Homa Bay, matatu ikapitia Rongo na Rodi Kopany, mpwa wangu akihutubu njia nzima. Mwanasiasa alipewa maikrofoni kabla ya marehemu kuombewa. Akawalaani wezi wa mali ya umma. Hema la wageni mashuhuri lilipiga makofi kuliko sisi tuliokuwa juani. Baadaye tukateremka ziwani kununua samaki, tukakuta gugumaji limefunika maji, limechanua maua ya zambarau kama ya harusi. "Hao ndio wavamizi wetu," nikasema, nikifurahi kwamba safari hii nimewahi. "Wametoka Amerika Kusini, hawana hata roketi." Mpwa wangu akaniuliza wanakula nini. Wanakula maji machafu ya miji yetu na mbolea ya mashamba yetu inayosombwa na mvua. Nikanunua ngege wangu kimya kimya. Mji huohuo, Siku ya Madaraka ya 2025, taifa lilikusanyika kuzungumzia uchumi wa samawati. Ona basi, hata serikali ni ya watu wa buluu.

Kuna filamu ya 1968 ambamo nyani wanaitawala dunia, Planet of the Apes, na mwishoni shujaa anagundua kwamba walioiharibu dunia ni watu wenyewe. Ilichukua saa mbili kusema hivyo. Wahenga wetu walitumia maneno matatu: nyani haoni kundule.

Sasa nimalizie, maana giza linaingia. Yule mama wa Nyatike, akishasaga mawe yake, hulipa pesa ya kusaga na mchanga anauacha palepale, ndiyo desturi. Mchanga huo bado una dhahabu ambayo zebaki haikuifikia. Mwenye krasha huulimbikiza nyuma ya mashine, kisha huwauzia wenye matangi ya sayanaidi, nao huikamua iliyobaki. Mama hapati hata senti. Krasha ile ni ya watu watatu, na mmoja wao mwezi uliopita alipaka mapipa ya maji rangi ya buluu, akaona yamependeza.

Lori la kubeba mchanga linakuja Jumatatu. Mpwa wangu akiuliza niliko, mwambieni nimeenda Homa Bay kununua samaki.