Namna ya Kuharibu Mashine ya Kuosha Vyombo na Kubaki na Heshima Yako

Hongera. Mashine imeshushwa kwenye kirikuu mchana kweupe, majirani wameiona, na boksi lake umeliacha barazani siku kadhaa eti gari la taka halijapita. Sasa tuongee wawili tu. Hukuinunua kwa sababu vyombo vilikushinda. Vyombo vilikuwa vinaoshwa, tena na mtu mwingine. Umeinunua ili pale mwenzako alipoweka beseni, wewe uwe na kitu chenye vitufe na taa ya buluu.

Usione haya, uko kwenye safari ya wakubwa. Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1886, hakuwa na mikono iliyochubuka kwa stilwaya. Alikuwa na watumishi. Inasimuliwa kwamba kilichomkera ni jinsi walivyokuwa wakimega kingo za sahani zake za kaure. Mwaka 1893 akaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na wateja wake wa mwanzo wakawa mahoteli. Kitu hiki kilizaliwa kwa ajili ya kulinda sahani za wageni. Wewe unaendeleza tu.

Nikuibie siri ya mafundi: mashine hizi haziugui ovyo. Shida zake nyingi huisha kwa dakika chache na siki kidogo. Lakini ukizimaliza kwa dakika chache, utamsimulia nani? Fuata hatua zangu.

Hatua ya 1: Kitabu cha maelekezo kiweke droo ya chini, chini ya mifuko ya Rambo

Ukikisoma utakutana na habari ya chumvi, na habari hiyo itakuondolea raha. Sakafuni mwa mashine kuna kifuniko cha kuzungusha, na chini yake kitanki. Humo inatiwa chumvi maalumu ya chenga kubwa. Si ya kuoshea vyombo, la. Ndani ya mashine kuna chembe zinazonasa madini ya chokaa yaliyomo kwenye maji magumu, na chumvi ndiyo inayozisafisha ili ziendelee kunasa.

Sasa wewe unakaa Dar, unatumia maji ya kisima ambayo hata chai yake ina ladha ya chumvi. Kwa hiyo utajiambia: chumvi ipo tele, ya nini nyingine? Vizuri sana. Kiache kitanki kikavu. Haitachukua muda, glasi zitaota ukungu mweupe usiotoka kwa kitambaa. Mgeni akiuliza, sema ndiyo mtindo wake, zinauzwa hivyo.

Ukitaka kuharakisha, tia chumvi ya mezani, ile laini yenye madini joto. Inagandamana vizuri, na vilivyochanganywa humo havikukusudiwa mashine. Watu wasio na makuu hununua chumvi yake, halafu mara mojamoja huweka bakuli la siki nyeupe kwenye rafu ya juu na kuiendesha mashine bila vyombo. Glasi zao zinang'aa, lakini hawana la kuongea.

Hatua ya 2: Panga vyombo kama mtu anayehama nyumba usiku

Hapa ndipo penye utamu, tusiparuke.

Anza na sufuria ya ugali. Iingize na ukoko wake wote, uso ukiangalia juu, ijae maji machafu na kuyatunza mpaka mwisho. Na kama ni ya alumini, zile zetu za kila siku, ndiyo kabisa: sabuni ya mashine ni kali, ina magadi ya nguvu, na alumini ikikutana nayo kwenye maji ya moto hupauka, kisha huwa nyeusi. Sufuria aliyokupa mama siku ya harusi itatoka na rangi ya betri ya gari. Mwambie mama imeibwa.

Mwiko uchomeke rafu ya chini, mpini ukining'inia. Ule mkono wenye vitundu unaozunguka na kurusha maji utaugonga mara moja na kusimama hapohapo. Utasikia ko, ko, halafu kimya. Ukiulizwa, sema hizi za siku hizi hazina kelele. Mbuzi ya nazi nayo itie, ubao wake upinde mpaka mkunaji akae upande.

Sahani zibananishe mgongo kwa tumbo ili maji yasipate njia. Vyombo vya plastiki vilivyokaa na biriani vitoke na unjano wa manjano na mafuta yanayoteleza, tena vimelowa, maana plastiki haitunzi joto la kujikausha. Lalamika kwamba mashine haikaushi. Usije ukaufungua mlango mvuke utoke. Huo ni ujanja wa maskini.

Kisha chujio. Liko katikati ya sakafu ya mashine, chini ya ule mkono. Unalizungusha kushoto, unalinyanyua, unalisugua kwa mswaki wa zamani chini ya bomba, unalirudisha. Mtoto wa darasa la tatu analiweza, na ndiyo sababu wewe usiliguse. Liache likusanye: punje za wali zilizovimba, vichwa vya dagaa, nyuzi za embe, karatasi ya chupa ya achari, mbegu ya tikiti inayokaribia kuota. Baada ya muda jikoni kutakuwa na harufu ya soko la samaki alasiri. Laumu bomba la majitaka la mtaa. Kila mtu atakubali, maana hakuna mtaa usio na lake.

Hatua ya 3: Okoa fedha kwenye sabuni

Vidonge vya mashine ni ghali, na sabuni ya maji inauzwa pale nje kwenye chupa zilizokuwa za soda. Mimina. Usipime, mimina kwa moyo mweupe. Ndani ya muda mfupi povu litaanza kuchungulia chini ya mlango, kwanza kwa adabu, kisha kwa mapana, litapita zulia la jikoni na kuelekea sebuleni. Watoto watafurahi kuliko Idi.

Kuna wanaojua kwamba dawa yake ni kuizima, kutia siki ndani povu lilale, kisha kuyatoa maji. Wewe piga deki ukilalamikia mpira wa mlango kwamba unavuja. Ukiweza, uagizie mpya kutoka Dubai.

Hatua ya 4: Maji yakigoma, itukane nchi iliyoitengeneza

Tanki lako liko juu ya mnara wa mita tatu. Maji yaliyoinuka mita kumi yanatoa msukumo wa takribani bar 1. Ya mita tatu yanatoa 0.3, na mashine nyingi hapo ndipo zinapoanzia, nyingine zinataka zaidi. Kwa hiyo inavuta, inangoja, inakata tamaa na kuonyesha herufi na namba. Pampu ndogo ingemaliza kazi. Au ungefungua mpira wa maji nyuma, ukakuta kichujio chake kimejaa mchanga na kutu. Usijisumbue. Sema: "Hizi za Ulaya hazijazoea mazingira yetu." Sentensi hiyo ina hadhi yake.

Maji yakikataa kutoka, mara nyingi ni wewe mwenyewe uliyeisukuma mashine ukutani ukaukunja mpira wa nyuma. Hilo halimo kwenye mwongozo huu, tupite.

Umeme je? Kuweka gadi ni woga. Chomeka ukutani moja kwa moja, umeme ukatike katikati, urudi kwa kishindo, na kadi ya mashine iungue. Kadi ni ugonjwa wa heshima. Mwenye chujio lililoziba ni mchafu. Mwenye kadi iliyoungua ni mhanga.

Hatua ya 5: Fundi

Usimwite mbele ya familia. Mwite wa mafriji, yule anayetengeneza kila kitu, wakati wengine wako kazini na shuleni. Mpokee kwa soda baridi na maneno mazito: "Nadhani ni kadi, au mota." Atakuangalia kwa heshima, atapiga goti, atazungusha kitu kushoto, na atanyanyua mkononi mfupa wa kuku uliovikwa gundi ya ugali.

Kutakuwa na ukimya. Tumia nafasi hiyo. Muulize bei ya pampu Kariakoo. Fundi mzoefu ataelewa mara moja kwamba hununui pampu, unanunua maelezo. Mtapatana. Jioni utamwambia mama watoto neno moja, "Pampu," na utatikisa kichwa.

Hatua ya 6: Siku ya wakwe

Hapa hakuna mchezo. Saa tisa vyombo vyote vioshwe kwa mkono, nyuma ya nyumba, na dada ambaye hajawahi kukuangusha. Saa kumi vipangwe mashineni kwa nafasi, kila sahani na jirani yake mbali. Wakwe wakishaketi, chota maji yaliyochemka kwenye birika, nyunyizia humo, funga, hesabu kidogo, kisha waite kana kwamba umekumbuka tu. Fungua mlango. Mvuke utawapiga usoni.

Mama mkwe atapitisha kidole kwenye sahani na kuguna kwa kuridhika. Atauliza inakula umeme kiasi gani. Mwambie takribani uniti moja ya Luku kwa safari moja, na maji lita 10 hadi 15, pungufu ya mtu anayeosha bomba likiwa wazi. Hayo ni kweli, kwa hiyo yaseme kwa sauti. Halafu mrudishe sebuleni haraka, kabla dada hajapita mlangoni na beseni.