Sifa za Diski C Iliyojaa Pomoni

Watu wamesifu nazi, wamesifu ng'ombe, wamesifu hata kitambi. Diski C iliyojaa huambulia matusi tu, tena siku ile kimstari chake cha buluu kinapogeuka chekundu. Mimi leo niko upande wake.

Kwanza ni ya ukoo mkubwa. Herufi A na B zilikuwa za disketi. C ikakabidhiwa diski kuu, na IBM walipotoa PC XT mwaka 1983 diski hiyo ilikuwa na MB 10. Disketi zimekwisha, A na B hazina mrithi, C ingali kitini. MB 10 siku hizi hazitoshi hata video moja ya send-off iliyotumwa na shangazi. Windows 11 peke yake inadai diski isiyopungua GB 64, na hapo hujaweka chako.

Halafu ina ukarimu. Unachopakua, unachoskani, unachoweka kwenye deskitopu ili "nitakipanga baadaye", vyote vinafikia C, huku D iko pembeni, tupu, haina hata picha moja. Fungua kompyuta ya steshenari yoyote uone: CV_mpya, CV_mpya_mwisho, CV_mwisho_HII_NDIYO, na bajeti ya kamati ya harusi ambayo maharusi wake sasa wanatafuta ada ya shule. C haijamfukuza mtu.

Tena inafundisha adabu. Yuko anayefuta mafaili kwa hasira, akashangaa nafasi haiongezeki. Hajui kwamba yako kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe limo humo humo C. Yuko anayehamishia D njia ya mkato, kitu cha KB 2, akakaa kusubiri shukrani. Mjuaji zaidi hukata folda nzima ya programu na kuibandika D. Programu haifunguki tena, maana Windows iliandika anwani ya zamani na huko ndiko inakoitafuta. Asiye na makuu hubofya kulia folda ya nyaraka, akaingia kwenye sifa zake, akaibadilishia mahali kuwa D. Mafaili yakahama pamoja na anwani yao. Lakini huyo hana hadithi ya kusimulia.

Na mapumziko je? Kuhamisha faili ndani ya C ni kufumba na kufumbua, kwa kuwa kinachobadilika ni anwani tu. Kulipeleka D ni kulinakili lote, kisha kulifuta lilikotoka. Kompyuta inasema zimebaki dakika 3, mara saa 2, mara dakika 1. Chai inanyweka, chapati zinaliwa, na bosi hana la kusema: si unaona mwenyewe, mashine inafanya kazi.

Mwisho wa yote mstari unarudi buluu. Windows nayo, ikiona pana nafasi, inashusha toleo jipya, na lile la zamani inalihifadhi kwenye folda ya Windows.old, usije ukabadili mawazo. C imejaa tena. Fundi anashauri isiguswe: baada ya siku 10 itajifuta yenyewe. Siku 10! Na ripoti ya robo mwaka ilikuwa inatakiwa Ijumaa hii.