Rimu Zinang'aa, Springi Zinalia

Huko The Villages, Florida, wastaafu huenda hata dukani kwa vigari vya gofu. Ukienda kununua cha mtumba, muuzaji atakuonyesha rimu zinazometameta, spika na kiti cha ziada cha nyuma. Springi hazitaji. Maskini springi! Kigari cha volti 48 huweza kubeba betri sita za risasi, zaidi ya kilo 150 kabla hata babu hajaketi. Kikianza kulalia upande mmoja, mwenye nacho hukimbilia kubadilisha shokapu. Shokapu haibebi mzigo, mzee wangu. Inatuliza mrusho tu; mzigo hubebwa na springi. Na ule mlio wa kwi-kwi kila tuta? Bushi za springi zimekwisha. Kigari kikilalia upande, nunua springi mbili, ufunge zote pamoja, au uteremshe spika.