Kompyuta Iko Kigamboni, Mwenyewe Yuko Kivukoni

Jijini Dar es Salaam, kutoka Kivukoni hadi Kigamboni ni kuvuka maji tu. Pantoni isipokuwa na foleni, abiria wa miguu analipa shilingi 200 na hamalizi karanga zake kabla hajashushwa. Hata hivyo, mhasibu mmoja wa Barabara ya Sokoine aliuona huo ni usumbufu. Hesabu za wateja wake zinakaa kwenye kompyuta ya mezani nyumbani Kigamboni, na faili linalotakiwa ofisini huwa ndilo lile ambalo hakulinakili kwenye flashi. Akaamua kuifungua kompyuta yake kwa mbali, akiwa amekaa zake ofisini.

Fundi wa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, alimpa jibu huku akibadilisha kioo cha simu ya mtu mwingine: fungua porti 3389 kwenye ruta, mchezo umekwisha. Ni rahisi kweli, kwa mhasibu na kwa kila mwizi duniani. Porti hiyo hutumiwa na huduma ya Windows ya kufungua kompyuta kwa mbali, na kuna mashine zinazoigonga usiku na mchana zikibahatisha nywila. Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo ilimruhusu mvamizi kuingia bila hata kuulizwa nywila. Mambo yalikuwa mazito kiasi kwamba kampuni ilitoa marekebisho hadi kwa Windows XP, mzee iliyekuwa imemstaafisha tangu 2014.

Mhasibu akasoma hayo, akatoka jasho, akakimbilia SSH, njia nyingine ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Hii ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kutega programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo. Ylönen aliomba apewe porti 22 kwa sababu ilikuwa tupu katikati ya 21 na 23, na kesho yake akajibiwa kwamba ni yake. Siku moja! Mhasibu wetu alisimulia jambo hilo kwa uchungu, maana alipokuwa anasimulia, yeye alikuwa bado anasubiri watu wa huduma kwa wateja wa kampuni yake ya simu wapokee simu.

Alichokuwa anauliza ni kwa nini ruta yake, ya laini ya simu, haipatikani kutoka nje. Jibu ni kwamba hakuwa na anwani ya peke yake. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP, kama shule nzima inavyotumia S.L.P. moja: barua ya kutoka inakwenda popote, ila ya kuingia isiyo na jina la mwanafunzi haimfikii mtu.

Njia iliyobaki ni kuifanya kompyuta ya nyumbani ndiyo ianze kupiga hodi nje. Akakodi seva ndogo Ujerumani, akafunga programu ya VPN iitwayo WireGuard pande zote mbili, na faili likaanza kutoka Kigamboni, likapita Ulaya, likarudi Kivukoni. Kwa kuwa sasa ana VPN, akakumbuka tangazo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji wa VPN kujisajili na kutaja anwani ya IP. Ipi sasa? Ile ya shule nzima, au ya Ujerumani?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na faili la Kigamboni likakosa njia ya kwenda Ulaya. Mhasibu akapanda pantoni.

Lakini adui wa kudumu hakuwa baharini. Alikuwa sebuleni. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea, hakupenda kuona umeme wa LUKU ukiliwa bila mtu.

“Shikamoo mama. Samahani, kompyuta imezimika?”

“Marahaba baba. Nimeizima mimi. Ilikuwa inanguruma peke yake.”

Ikawashwa. Kwenye BIOS akaipanga iwake yenyewe kila umeme unaporudi. Siku iliyofuata aliingia vizuri, akafungua jedwali, akaanza kusogeza kishale. Ghafla kimya. Simu ikaita: “Baba, kuna mtu anachezea kompyuta yako, mambo yanajiendea yenyewe kwenye kioo. Nimeshang'oa waya.”

Mhasibu alikasirika kimoyomoyo, kwa heshima zote. Kwa maoni yangu bibi yule ndiye mtu pekee katika kisa hiki aliyefanya jambo la usalama ipasavyo: ameona mgeni ndani ya mashine, amekata mawasiliano, ametoa taarifa. Kuna ofisi kubwa hazifiki hapo.

Basi wewe uliyefunguliwa 3389 na fundi, kaifunge leo, utumie ufunguo wa SSH au WireGuard badala ya nywila tupu. Na kabla hujagusa kishale, piga simu nyumbani uage.