Nani Anabisha?

Mke wangu anauza ndagala hapa Buyenzi, Bujumbura, na biashara ilikuwa inakwenda vizuri tu mpaka mpwa wangu aliponijia na habari zake. "Mjomba, mnauza kizamani. Tangazo lenu algorithimu hailioni."

Nilidhani ni jina la mtoza kodi mpya.

Tangazo langu lilikuwa la mstari mmoja: ndagala kavu zimefika, hazina mchanga, njooni mapema. Picha niliipiga mwenyewe, kidole gumba kikajitokeza pembeni. Kijana akachukua simu, akalitia tangazo kwenye programu ya akili mnemba, akaiamuru iliandike upya ili lipande juu. Sijamaliza hata kukohoa, nasoma: "Kila asubuhi ndagala hunikumbusha kwamba udogo si udhaifu." Mwishoni roketi. Roketi, kwa samaki asiyefika urefu wa kidole! Picha nayo imetengenezwa upya: kidole changu kimefutwa, ndagala zimenenepa zinang'aa kama sangala wa harusi, na mmoja ana macho mawili upande mmoja.

Waliolaiki walikuwa kumi na mmoja. Saba ndugu zangu, wa nane mimi mwenyewe.

Kijana akasema like haina thamani, na hapo sikumbishia, maana siri ilishaanikwa. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 alama za hisia, hata ule uso mwekundu wa hasira, zilipewa uzito mara 5 ya like. Baadaye uso wa hasira wakaushusha mpaka sifuri, lakini mpwa wangu alishashika la kwanza. "Watu wagombane, Mjomba. Wakigombana, tangazo linatembea."

Mashine ikaagizwa, ikaleta hii: "Ndagala za Rumonge ni tamu kuliko za Kigoma. Nani anabisha?"

Jamani, walibisha. Kigoma nzima ilivuka mpaka kwa simu. Kufika saa nne usiku maoni yalikuwa 214. Mmoja kasema sisi hatujui kuanika. Wa Buyenzi akamjibu kwamba wao hata samaki mukeke jina lake limewashinda, wanamwita mgebuka. Ugomvi ukatoka kwenye samaki ukaingia kwenye Kiha na Kirundi, nani alimfundisha mwenzake kusema, kisha ukafika kwa mama za watu. Programu ikanihimiza nimjibu kila mmoja ndani ya saa ya kwanza. Ndani ya saa ya kwanza umeme ukakatika. Uliporudi asubuhi, mega zangu za wiki nzima ziliishia kwenye kuwaomba radhi watu wasioweza kuninunulia hata kiganja.

Halafu eti nibandike kila siku, algorithimu haipendi wanaokosa. Hilo nani atalieleza? Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote ni mwanga, taa ya mvuvi haimshughulishi samaki, na wavuvi wanalala majumbani kwao kama makarani. Nikaiandikia mashine hivyo hivyo. Ikanisifu kwa hoja nzuri, ikanishauri siku za mwezi nisimulie "safari yangu kama chapa".

Mke wangu, ambaye hakuulizwa na mtu, aliweka beseni mlangoni, akamwonjesha jirani kidogo. Jirani huyo akisema kitu uani, barabara tatu zinaitikia. Saa tano mzigo ulikuwa umekwisha, na mimi bado namjibu mtu kuhusu mgebuka.

Jana mpwa wangu kaja mbio, simu juu juu. "Mjomba, mteja! Anataka kilo ishirini, anapelekewa nyumbani!"

Nikamuuliza nyumbani ni wapi.

"Kigoma. Anasema anataka ushahidi."